Maswali ya Wasomaji: Figo Zinapofeli Baada ya Ajali

Safu ya mwezi huu imetengwa kwa jambo moja. Barua nne zilizotufikia zinahusu majeruhi ambao majeraha yao yalionekana kuwa ya mguu, ya mgongo au ya ngozi tu, kisha baada ya siku chache mkojo ukakatika na familia zikaambiwa kwamba figo zimefeli. Daktari wetu wa figo anazijibu.

*Shikamoo, Daktari. Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa bodaboda, ana miaka 26. Aligongwa na lori, mguu ukabanwa chini ya gurudumu kwa muda wa saa tatu hivi kabla ya kunasuliwa. Alipofikishwa hospitali alikuwa anaongea vizuri, nasi tukamshukuru Mungu. Siku ya pili mkojo ukawa mweusi kama soda ya kola, siku ya tatu ukakatika kabisa, uso ukavimba na akaanza kutapika. Tuliambiwa apelekwe hospitali ya kanda akasafishwe damu. Baba alisita siku mbili kutia saini, kwa sababu wazee walisema anayeanza kusafishwa damu haachi mpaka anakufa. Mwishowe alikubali, mdogo wangu akasafishwa damu kwa wiki mbili na nusu, mkojo ukarudi na sasa yuko nyumbani. Nina maswali mawili. Mguu umeumia, figo zimeingiaje? Na je, atarudi tena kwenye mashine? — Dada wa majeruhi, Kilosa*

Marahaba, dada yangu, na poleni sana kwa mliyoyapitia. Nimefurahi kusikia kwamba mdogo wako amerudi nyumbani, kwa kuwa wengi waliofika katika hali kama yake hawakurudi.

Msuli uliobanwa kwa muda mrefu hufa kwa kukosa damu, na chembe zake hupasuka. Wakati mguu ungali chini ya gurudumu, uchafu wote wa msuli huo unabaki humo humo, na ndiyo maana majeruhi anaweza kuongea, kuomba maji na hata kumtaja aliyemgonga. Mzigo ukiinuliwa, damu hurudi mguuni kwa nguvu, ikatoka huko ikiwa imebeba vitu viwili vya hatari. Cha kwanza ni potasiamu, ambayo ikizidi katika damu inaweza kuusimamisha moyo ghafla. Cha pili ni maioglobini, protini ya msuli yenye rangi nyekundu iliyoiva, ambayo ikichujwa na figo huganda ndani ya mirija midogo na kuiziba, na hiyo ndiyo iliyoupa mkojo ile rangi ya soda mliyoiona. Papo hapo mguu uliojeruhiwa huvimba na kufyonza maji mengi kutoka kwenye mzunguko wa damu, hata lita kadhaa, kiasi kwamba presha hushuka ingawa hakuna damu iliyomwagika chini. Figo hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, kwa hiyo presha ikishuka ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema. Figo za mdogo wako zilipigwa mara mbili kwa wakati mmoja: zilinyimwa damu, na kidogo iliyozifikia ilikuwa na sumu.

Jambo hili limeandikwa katika vitabu vya tiba kwa zaidi ya miaka 80. Mwaka 1941, wakati London ilipokuwa ikipigwa mabomu na ndege za Ujerumani, madaktari Eric Bywaters na Desmond Beall waliandika habari za majeruhi wanne waliotolewa chini ya vifusi wakiwa na viungo vilivyopondeka. Walipofika hospitali hali zao zilionekana kuwa za kuridhisha, lakini baada ya muda mfupi presha ilishuka, mkojo ukawa mweusi na kupungua, na ndani ya wiki moja hivi figo zikawa zimeshindwa kabisa. Wakati ule hapakuwa na mashine ya kuwasaidia. Willem Kolff alikuwa bado hajaitumia mashine yake ya kwanza ya kuchuja damu, jambo alilolifanya Uholanzi mwaka 1943. Tangu hapo kila tetemeko kubwa la ardhi limeleta wagonjwa wa aina hii. Baada ya tetemeko la Marmara nchini Uturuki, Agosti 1999, waliandikishwa majeruhi 639 wenye matatizo ya figo yaliyotokana na kupondwa, na 477 kati yao walihitaji kusafishwa damu. Waliofariki katika hao 639 walikuwa 97, maana yake ni kwamba wengi sana walipona. Kwetu ugonjwa huu hausubiri tetemeko. Magari yanayogongana barabarani, migodi midogo inayoporomoka, na majengo yanayoanguka kama lile la Kariakoo mnamo Novemba 2024 au lile la Huruma, Nairobi, mwaka 2016, yanatosha kuuleta.

Sasa niseme juu ya hofu ya baba yenu, kwa sababu naisikia wodini kila mara na imegharimu maisha ya watu. Kuna figo zilizokufa polepole kwa miaka mingi, kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu au magonjwa mengine. Hizo hazirudi, na mwenye nazo huhitaji kusafishwa damu maisha yake yote au kupandikizwa figo nyingine. Lakini za mdogo wako zilikuwa figo nzima za kijana, zilizopata pigo la ghafla. Chembe zinazotanda ndani ya mirija ya figo zina uwezo wa kuota upya, na kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki moja hadi tatu, wakati mwingine zaidi. Mashine haiziponyi figo wala haiziharibu. Hushika zamu yao ya kutoa potasiamu, maji na uchafu mpaka zirudi kazini. Wazee wamewaona majirani walioanza kusafishwa damu wasiache, na wamehukumu kwa walichokiona, ila majirani hao walikuwa wagonjwa wa aina ile ya kwanza, na figo zao zilikuwa zimekwisha kabla hawajaigusa mashine.

Siwezi kukuambia kwamba zile siku mbili za kusita hazikuwa na hatari, kwa kuwa mgonjwa asiyepata mkojo huku msuli wake ukiendelea kumwaga potasiamu anaweza kufariki usiku mmoja bila dalili ya kutisha kutangulia. Hata hivyo baba yenu asibebeshwe lawama. Ilikuwa kazi ya aliyemletea karatasi kukaa naye na kumweleza kwa lugha anayoielewa kwamba anaombwa ruhusa ya tiba ya wiki chache.

Kuhusu kurudi kwenye mashine, uwezekano ni mdogo iwapo mkojo wake umerudi vizuri na vipimo vinaendelea kushuka. Apimwe damu kuangalia kreatinini, yaani taka ya msuli inayotuonyesha jinsi figo zinavyochuja, pamoja na presha na protini kwenye mkojo, miezi mitatu baada ya ajali, kisha walau mara moja kila mwaka, kwa sababu figo iliyowahi kuumia hivi huwa dhaifu kuliko ya mwenzake kwa miaka inayofuata. Dawa za maumivu za jamii ya diclofenac na ibuprofen azikwepe kabisa, na dawa za mitishamba za “kusafisha figo” ambazo bila shaka atashauriwa azinywe, asizinywe.

*Daktari, mimi ni tabibu katika kituo cha afya wilayani Tunduru. Tunapokea majeruhi wa pikipiki karibu kila wiki. Kipimo cha kreatinini hatuna, au mashine ipo na vitendanishi vimekwisha, na safari ya rufaa hadi Songea ni ndefu. Katika saa zile za kwanza nifanye nini kuokoa figo za mgonjwa wangu? — Tabibu, Tunduru*

Ndugu tabibu, barua yako ni fupi lakini ndiyo iliyonifanya niombe safu nzima ya mwezi huu, kwa sababu ninaamini kwamba figo nyingi za majeruhi huokolewa au hupotea katika vituo kama chako, kabla mtu kama mimi hajamwona mgonjwa.

Anza na damu inayotoka. Ibane na ufunge, tuliza mfupa uliovunjika, na ikiwa unayo asidi ya traneksami, mpe gramu moja polepole kwenye mshipa kwa dakika 10, mradi saa tatu hazijapita tangu ajali. Anayevuja damu ndani anahitaji damu na chumba cha upasuaji, na dripu nyingi za chumvi haziwezi kuchukua nafasi ya hivyo viwili. Aliyebanwa au kupondwa ni habari nyingine. Huyo anahitaji maji mapema na kwa wingi, na ikiwezekana dripu ianze angali amebanwa, kabla mzigo haujainuliwa. Kwa mtu mzima ni takriban lita moja ya normal saline, yaani dripu ya maji ya chumvi, kwa saa, kisha baada ya saa mbili punguza iwe nusu huku ukimwangalia. Dripu ya Ringer usimpe, kwa kuwa ina potasiamu ndani yake, na potasiamu ndiyo tunayoikimbia.

Kisha muwekee mpira wa mkojo, isipokuwa nyonga imevunjika na unaona damu kwenye tundu la mkojo. Hapo mrija wa mkojo unaweza kuwa umekatika, na mpira utaongeza madhara. Mkojo wa kwanza utazame kwenye mwanga. Ukiwa wa rangi ya chai iliyokolea, chovya kijiti cha kupimia mkojo. Kijiti kikionyesha damu nyingi ilhali kwenye hadubini huoni chembe nyekundu, au unaona chache tu, umeshaipata maioglobini bila maabara kubwa.

Kuanzia hapo kipimo chako kikuu ni mfuko uliotundikwa pembeni mwa kitanda. Mtu mzima anapaswa kutoa walau nusu mililita ya mkojo kwa kila kilo ya uzito wake kila saa, kwa hiyo mwenye kilo 60 anatakiwa kutoa mililita 30 kwa saa. Akikaa saa sita bila kufikisha mililita 180, figo zake zimeumia. Mwongozo wa mwaka 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa linaloandika miongozo ya tiba ya figo, unakubali kipimo hicho peke yake, bila kreatinini, na hata pale kreatinini ipo mara nyingi huchelewa kupanda. Tatizo ninaloliona katika faili za wagonjwa wa rufaa ni kwamba mkojo umeandikwa “anapata” au “hapati”, bila namba na bila saa. Chukua karatasi ya kawaida, chora safu tatu za saa, maji yaliyoingia na mkojo uliotoka, na uibandike kwenye kitanda. Muuguzi akiwa mmoja kwa wagonjwa 40, mfundishe ndugu wa mgonjwa kusoma alama za mfuko na kuandika. Nimeona akina mama ambao hawakumaliza shule ya msingi wakiijaza karatasi hiyo kwa uaminifu wa kupendeza, usiku kucha, bila kuruka saa hata moja.

Namba hizo zitakusaidia pia usimzamishe mgonjwa. Kosa la kwanza katika ugonjwa huu ni kutoa maji kidogo na kwa kuchelewa, na la pili, ambalo pia huua, ni kuendelea kumimina maji kwa mtu ambaye figo zake zimeshafunga. Ikiwa presha imerudi, viganja vimepata joto, mapigo yametulia, na bado hakuna mkojo baada ya lita mbili au tatu, acha kukimbiza dripu. Sikiliza mapafu, na kuanzia hapo mpe maji yanayolingana na mkojo anaoutoa, ukiongeza takriban nusu lita kwa siku nzima. Usishawishike kumchoma Lasix, yaani furosemidi, ili mfuko ujae. Furosemidi huondoa maji yaliyozidi, lakini haiponyi figo iliyoumia, na kwa mgonjwa aliyekaukiwa maji huongeza pigo juu ya pigo.

Angalia na kabati lako la dawa. Sindano ya diclofenac na gentamicin ni vitu viwili vinavyopatikana karibu kila kituo, na majeruhi wengi hupewa vyote viwili kwa siku kadhaa, ingawa kila kimoja kinaweza kuiumiza figo inayokosa damu. Kwa maumivu tumia paracetamol, tramadol au morphine ukiwa nayo, na kwa maambukizi chagua antibayotiki nyingine, kwa mfano ceftriaxone.

Kagua pia kiungo chenyewe kila saa chache. Mguu uliokaza kama ubao, wenye maumivu makali mgonjwa anapokunjwa vidole, umebanwa na uvimbe wake wenyewe na unahitaji daktari wa upasuaji haraka. Kama amefungwa hogo, au ametokea kwa mtaalamu wa jadi wa mifupa akiwa amefungwa vijiti na kamba, fungua kwanza, uliza baadaye.

Rufaa ifanyike mapema, mara unapoona mkojo haufiki kiwango licha ya maji ya kutosha; usisubiri uso uvimbe au akili ichanganyikiwe. Fomu ya polisi, PF3, inaweza kufuatwa na ndugu wakati tiba inaendelea. Kwenye barua ya rufaa andika saa ya ajali, saa aliyonasuliwa, lita ulizompa na mkojo wa kila saa. Akilegea misuli, mapigo yakawa ya polepole au yasiyo na mpangilio, chukulia kwamba potasiamu imepanda: mpe mililita 10 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 polepole kwenye mshipa, halafu yuniti 10 za insulini ya muda mfupi pamoja na mililita 50 za dextrose ya asilimia 50, na ufuatilie sukari yake. Tiba hiyo huununulia moyo saa chache za safari.

Umeandika kana kwamba pasipo na mashine hakuna la kufanya, na hapo sikubaliani nawe. Ipo njia ya kusafisha damu kwa kutumia utando wa ndani ya tumbo: maji maalumu huingizwa tumboni kwa mrija, hukaa kwa muda yakivuta uchafu, kisha hutolewa. Haihitaji umeme wala mtambo wa kusafisha maji. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilianza kuwatibu wagonjwa wenye figo zilizofeli ghafla kwa njia hiyo tangu mwaka 2009, na miongozo ya kimataifa inaruhusu maji hayo yatengenezwe hospitalini kwa dripu za kawaida zilizoongezwa dextrose, pale yale ya kiwandani yanapokosekana, ilimradi usafi ulindwe. Haimfai majeruhi aliyeumia tumbo au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, lakini kwa aliyepondwa mguu inafaa. Ningependa kuiona katika kila hospitali ya mkoa, na sioni sababu ya kitaalamu inayoizuia.

*Mjomba wetu alipigwa na kundi la watu waliomdhania mwizi. Hakuvunjika mfupa, picha zilikuwa safi, akachomwa sindano ya maumivu akaruhusiwa. Siku ya tatu alianza kupumua kwa shida, na tulipompeleka tena tuliambiwa ni figo. Je, fimbo zinaweza kuua figo bila kuzigusa? — Mpwa, Mwanza*

Ndiyo, zinaweza, na poleni. Fimbo 100 za mgongoni, makalioni na mapajani huponda msuli sawa na gurudumu la lori, ila zimetawanyika, na ngozi inaweza kuonyesha michirizi tu. Madaktari wa Afrika Kusini wameeleza kwa miaka mingi habari za watu waliochapwa kwa sjambok, yaani mjeledi mzito, ambao figo zao zilifeli ingawa hawakuwa na mfupa uliovunjika. Picha ya eksirei huonyesha mifupa. Haiwezi kuonyesha msuli uliokufa. Yeyote aliyepigwa eneo kubwa la mwili apimwe mkojo siku hiyo hiyo, apewe maji, na abaki chini ya uangalizi angalau hadi kesho yake. Akiruhusiwa, familia itazame rangi na wingi wa mkojo kwa siku tatu, na arudishwe mara moja ukiwa mweusi au ukipungua. Pia asirudi nyumbani na diclofenac mkononi.

Nami naomba wasomaji wanisamehe nikitoka kidogo kwenye tiba: hakuna mtu anayestahili kufa kifo hiki, awe mwizi au asiwe, na wanaoishika fimbo mara nyingi hawajui kwamba wanamuua mtu ambaye ataondoka pale kwa miguu yake mwenyewe.

*Mgonjwa wetu amelazwa baada ya ajali, figo zimefeli, mkojo ni kidogo. Tumekuwa tukimpelekea madafu, ndizi mbivu na juisi ya machungwa ili apate nguvu, lakini muuguzi amevikataa. Tumeumia, maana madafu tumezoea kwamba husafisha figo. — Familia, Tanga*

Muuguzi yuko sahihi, na amemkinga mgonjwa wenu. Madafu, ndizi, machungwa, parachichi, viazi na maharage vina potasiamu nyingi. Kwa mtu mwenye figo nzima ni vyakula vizuri, kwa kuwa ziada yote hutoka na mkojo. Kwa majeruhi asiyepata mkojo, ambaye msuli wake umeshamimina potasiamu kwenye damu, ziada hiyo haina pa kutokea, na dafu moja linaweza kuwa ndilo linalovuruga mapigo ya moyo wake.

Mpelekeeni wali au ugali, yai, kipande kidogo cha samaki au kuku kilichopikwa bila chumvi nyingi, na kabichi iliyochemshwa kisha maji yake yakamwagwa. Msimnyime chakula kwa kuogopa, kwa sababu mwili unaojenga upya msuli na figo unahitaji nguvu. Maji ya kunywa yapimwe kwa kikombe kimoja kile kile na kuandikwa, pamoja na chai na uji. Siku mkojo utakaporudi unaweza kuja kwa wingi, lita tatu au zaidi kwa siku, kwa kuwa mirija mipya bado haijajua kubana maji na chumvi, na hapo mgonjwa huyo huyo aliyekuwa akinyimwa maji huanza kuyahitaji sana, na potasiamu nayo inaweza kushuka kupita kiasi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hamjamimina chochote kwenye kikombe, muulizeni muuguzi wa zamu kiasi cha siku hiyo na vyakula vya siku hiyo, kwa sababu jibu la jana linaweza kuwa limebadilika.